Jina Nililolitaja Kabla ya la Auma

Nitakueleza jambo hili kwa utaratibu, bila kutia chumvi. Mimi si mlevi. Sina ugonjwa wa akili, na usiku hulala vizuri kuliko wenzangu wengi wa umri huu. Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti, na mtu anayefungua injini vipande vyote na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki mezani si mtu wa kuota mchana. Niliacha shule darasa la saba. Mengine nilijifunza mwenyewe kutoka vitabu vya mitambo, redio, na magazeti yaliyofungiwa samaki. Nimeanza na hayo ili ujue anayesema nawe ni mtu wa namna gani. Ukimaliza na bado useme ni uongo, sitakulaumu. Ningesimuliwa na mtu mwingine, mimi pia ningemuuliza maswali mengi.

Yalitokea mwaka wa kwanza wa korona, siku moja kabla ya Krismasi, saa kumi na robo alasiri. Jua lilikuwa bado kali. Sina giza la kusingizia.

Boma langu liko Seme, kando ya ziwa, magharibi ya mji wa Kisumu. Mke wangu Auma alifariki mwezi wa nane mwaka huo, katika hospitali moja mjini, siku ya tisa tangu aanze kukohoa. Sikumwona. Nilisimama nje ya uzio na chupa ya uji, nikaambiwa nirudi nayo. Walimleta nyumbani saa moja na dakika ishirini asubuhi, wanaume sita waliovaa meupe mwili mzima kama warina asali, na saa mbili kasorobo walikuwa wamekwisha kumzika, wamepulizia dawa majembe, na gari limegeuka. Dakika ishirini na tano. Kwetu mtu mzima hatoki mochari akaenda kaburini moja kwa moja. Hulala kwanza nyumbani kwake, watu wakamlilia, wakamwimbia, wakasema mema yake na mabaya yake. Auma hakupata hata usiku mmoja. Jeneza halikufunguliwa. Mimi niliwekwa mita kumi mbali, na mmoja wao alikuwa akinipigia kelele nipandishe barakoa ifunike pua.

Kilichonifanya niendelee kula ni jambo moja. Mwanangu Ouko, anayefundisha kemia Nairobi, alikuwa ameoa miaka kumi na moja bila mtoto. Mkewe Lavender alikuwa amepoteza mimba tatu. Mwaka huo ya nne ilikuwa imeshika, na siku zake zilikuwa zinafika Disemba.

Msomaji asiye wa kwetu inabidi nimweleze hapa. Sisi Wajaluo tunaamini kwamba aliyekufa anaweza kurudi kwa jina. Mtoto akizaliwa na kulia bila kunyamaza, na hana homa wala tumbo, tunajua kuna mtu anadai nafasi. Basi bibi wa nyumba huketi karibu naye akawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto akilisikia hunyamaza na kushika ziwa la mama, huyo ndiye aliyekuja. Mtoto ataitwa hivyo maisha yake yote. Auma alikuwa akinitania kwa jambo hili. "Ukizidi kunikera nitakufa kwanza," alikuwa akisema, "halafu nirudi kwa mtoto wa Ouko, nikukojolee hiyo suruali yako ya kanisani."

Nilitaka mjukuu wangu aitwe Auma. Nielewe vizuri: sikutaka kumbukumbu. Kumbukumbu ninazo, na picha ninayo ukutani. Nilitaka arudi. Alikuwa ametolewa duniani kwa dakika ishirini na tano kama mzigo, na sikuona njia nyingine ya kumpokea tena kama mtu.

Kila Disemba boma langu hujaa. Watoto wa ndugu zangu hutoka Nairobi, Nakuru na Kondele, wanalala chini mpaka jikoni. Mwaka huo nilimpigia kila mmoja simu nikamkataza. Nilijua ugonjwa ule ulivyoingia kwangu: uliingia na mgeni aliyekuja kusalimu. Kwa hiyo nilitengeneza utaratibu. Lango la chini, linaloelekea ziwani, nilikuwa nimeshalifunga kwa waya tangu mwezi wa tano, maji yalipopanda yakameza njia na shamba la mtama. Likabaki lango la juu. Hapo niliweka ndoo yenye bomba, sabuni, meza chini ya kibanda, kiti cha plastiki cha mgeni kilichotengwa mita mbili na changu, na ile bunduki ndogo ya kupima joto la paji la uso. Mezani kulikuwa na kaunta buku. Kila aliyeingia, hata mwenye injini mbovu, niliandika saa, jina, atokako, joto, na sababu ya kuja.

Jirani yangu Mama Pamela, muuza samaki, alikuwa ananicheka. Kati yake na mimi kuna ua wa minyaa tu, na sauti yake haijui ua.

"Jaduong'!" aliniita asubuhi ile, yaani mzee wa boma. "Yesu akizaliwa kesho, na yeye utampima?"

"Nitampima."

"Na mama yake?"

"Na Yosefu pia."

"Ndiyo maana unakula Krismasi peke yako kama bundi. Nitakuletea samaki kesho, ngege moja. Nitairusha juu ya ua, usinipime."

Mtoto alikuwa amezaliwa siku nne kabla, msichana, kwa upasuaji. Daktari aliwaambia wazi kwamba Lavender hatazaa tena. Na tangu usiku wa kwanza mtoto alilia. Walimpima kila kitu, hawakuona kitu. Siku hiyo saa sita mchana Ouko alinipigia simu. Nilisikia kilio nyuma yake, kikavu, cha mtu aliyechoka kulia na hawezi kuacha.

"Baba," aliniambia, "wewe unajua mimi siamini hayo mambo. Lakini Lavender ataanguka. Jioni nitaweka simu kwa spika, wewe utaje hayo majina."

"Saa moja kamili," nikasema.

"Sawa. Ila kitu kimoja, Baba. Usije ukaniambia ni Mama kwa sababu ulitaka awe Mama."

Maneno hayo yalinikaa. Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mtu wa maabara, nami ndiye niliyemfundisha, akiwa mdogo, kwamba kitu hakijulikani mpaka kipimwe. Basi baada ya chakula nikaketi pale kibandani, nikafungua kaunta buku ukurasa mpya, nikaanza kuandika marehemu wetu kwa mpangilio wa walivyotangulia. Nikampeleka Auma mwisho. Niliona ndiyo haki: kama angetajwa wa kwanza, Ouko angesema mtoto alinyamaza kwa sababu ya sauti mpya tu. Acha apite kwa wote, nikasema moyoni, halafu anyamaze kwa mmoja. Kazi hii ni ya bibi, na bibi ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Mimi sikuwahi kuiona ikifanywa toka mwanzo hadi mwisho, maana wanaume hutolewa nje.

Nilikuwa nimefika jina la kumi na moja niliposikia hodi nyuma yangu.

Nikageuka. Mwanamke wa miaka sitini hivi, gauni la kijani lililopauka, kitambaa kichwani, hana barakoa. Alisimama wima na mikono mbele, kama mtu anayesubiri aambiwe aketi. Alikuwa ametokea upande wa ziwa. Naliandika hilo sasa. Wakati ule halikunigusa. Mtu akija nyuma yako na amekusalimia vizuri, je, wewe unaanza kumuuliza alipopita?

"Karibu, mama," nikasema. "Kaa hapo, lakini nikupime kwanza."

Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki. Nikaielekeza ile bunduki kwenye paji lake la uso, nikabonyeza. Kioo kikaandika Lo.

Mimi husoma karatasi za maelezo mpaka mwisho. Lo maana yake ni chini ya nyuzi thelathini na mbili, chini kuliko kifaa kinavyoweza kusoma. Nikajipima mwenyewe: thelathini na sita nukta tano. Nikampima tena. Lo. Nikampima mara ya tatu, Lo. Nikajiambia ni upepo wa ziwa umempoza ngozi, nikaandika herufi hizo mbili kwenye sehemu ya joto. Zipo mpaka leo, kwa mwandiko wangu.

"Unaitwa nani, mama?"

"Akelo."

"Akelo nani? Jina la baba au la mzee wako."

"Wote wamekwisha. Andika Akelo."

"Unatoka wapi?"

"Ng'ambo." Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa ghuba.

"Na kilichokuleta?"

"Nimekuja kukupongeza kwa mtoto."

Nikajua Mama Pamela ameshatangaza. Nikamshukuru. Aliangalia kaunta buku yangu kwa muda, kama mtu asiyejua kusoma anavyoangalia maandishi, halafu akauliza, "Umeshamtajia?"

"Saa moja jioni."

"Nani atataja?"

"Mimi."

"Wewe mwanamume?" Alicheka kidogo, bila dharau. "Haya. Na unamtaka nani?"

Sijui kwa nini nilimjibu mtu nisiyemjua. Labda kwa sababu tangu Agosti hakuna aliyeniuliza. Nikamweleza juu ya Auma, wale wanaume sita, zile dakika. Alisikiliza bila kusema pole. Nilipomaliza, akasema, "Mwaka huu njiani kumejaa watu wasio na pa kufikia."

Nilidhani anasema juu ya waliofukuzwa na mafuriko, wanaolala mashuleni. Nikakubali kwa kichwa.

"Nikuombe kitu," akasema. "Ukimaliza wako wote, nitaje na mimi. Mara moja tu. Mimi sina nyumba inayonitaja."

Ombi la ajabu, sivyo? Lakini alisema kwa adabu, na alikuwa mzee peke yake siku ya mkesha wa Krismasi, kama mimi. Nikasema, "Sawa, mama." Nilisema kama unavyomwambia mtu tutaonana. Nikainama chini ya meza kutafuta barakoa ya kumpa, ninazo za ziada, na nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Nikaangalia lango la juu. Limefungwa. Nikajiambia wanawake wa huku wana miguu myepesi, nikaendelea na orodha yangu.

Sasa nifuate hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu, na sikuharibu kwa uchawi wa mtu. Niliharibu kwa akili yangu mwenyewe.

Orodha ilikuwa na majina kumi na saba, Auma wa kumi na saba. Nikawaza juu ya Ouko na maabara yake. Nikitaka kujua kama plagi ya injini ni nzima, siijaribu peke yake. Kwanza naweka ile ninayojua ni mbovu, nione injini ikikataa, ndipo naweka ile nzima. Injini ikikataa mbovu na kukubali nzima, hakuna wa kubishana nami. Basi nikasema, niweke jina moja lisilo la ukoo wetu kabisa, jina lisilo na haki yoyote kwa mtoto yule. Mtoto ataendelea kulia. Halafu nitamtaja Auma, naye atanyamaza, na Ouko hatakuwa na la kusema. Jina hilo ilibidi lije kabla ya Auma. Likija baadaye, mtoto atakuwa ameshanyamaza na jaribio halina maana.

Jina la nani? Mbele yangu lilikuwepo moja, wino haujakauka vizuri. Tena nilikuwa nimemwahidi yule mama. Nikaona nitakuwa nimetimiza mambo mawili kwa pamoja. Nikaandika Akelo, nikamshusha Auma akawa wa kumi na nane.

Yeye aliniomba nimtaje nikimaliza wangu. Kumbuka hilo. Aliomba masalio. Mimi ndiye niliyemtanguliza.

Saa moja kamili simu iliita. Nilisikia kilio kabla ya salamu.

"Tuko tayari, Baba," Ouko akasema. "Simu iko karibu na sikio lake."

Nikaanza. Nilitaja kila jina mara tatu, kwa sauti moja, halafu nikahesabu nusu dakika kwa saa yangu ya mkono, nikaweka alama kando yake. Babu wa babu yangu. Wake zake. Baba yangu. Mama yangu, hapo nilisita, maana alinipenda, lakini mtoto alilia vilevile. Shangazi. Ndugu yangu aliyezama. Kumi na sita. Kilio hakikupanda wala kushuka.

Nikataja, "Akelo." Sikufika mara ya pili.

Nilidhani mtandao umekatika. Niliitoa simu sikioni nikaiangalia. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika.

"Baba," Ouko akasema, polepole. "Amenyamaza."

Nyuma yake nikamsikia Lavender. "Ananyonya! Ouko, aki njoo uone, ananyonya!" Halafu yeye mwenyewe akaanza kulia.

"Subirini," nikasema. "Subirini, sijamaliza." Nikaita, "Auma."

Mtoto akapiga yowe. Si kilio kile cha siku nne. Yowe, kama mtu amemfinya.

Nikasema, "Akelo." Kimya.

Unafikiri niliachia hapo? Mimi napima kitu mara tatu. Nikasema Auma, akapiga yowe. Nikasema Akelo, akatulia. Nikasema tena Auma, kwa upole, kama nilivyokuwa nikimwita kutoka karakana nikitaka chai.

"Baba, tafadhali," Lavender akasema, karibu na simu. Hajawahi kunikatiza tangu aolewe. "Usiseme lile lingine tena. Linamtisha."

Lile lingine.

"Akelo ni nani, Baba?" Ouko akauliza. "Sikumbuki Akelo wa kwetu."

Ningesema nini? Kwamba ni mgeni aliyepita alasiri? Nilimsikia Lavender akipumua kwa uzito, ameanza kusinzia na mtoto kifuani, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Nikasema, "Ni mtu wetu wa zamani." Nikakata simu. Kaunta buku ilikuwa wazi mbele yangu, na jina la mwisho halikuwa na alama.

Krismasi ilikuja kama siku nyingine yoyote. Redio iliimba. Nilikuwa nimenunua unga wa chapati nikakumbuka kwamba sijui kuzipika. Saa nne Mama Pamela alifika uani na samaki wake kwenye karatasi.

"Jaduong', chukua. Na uniambie, jana ulikuwa unampima nani?"

"Yule mama aliyekuja."

"Mama gani? Nilikuwa hapa naparua samaki tangu saa tisa. Nilikuona unaelekezea kiti bunduki. Mara tatu! Nikasema haya, upweke umemshika mzee wetu, sasa anapima plastiki." Alicheka, halafu akaniangalia usoni, akaacha. "Uliongea nacho muda mrefu," akasema. "Nilidhani uko kwa simu."

Nikaenda lango la chini. Waya ulikuwa umefungwa vilevile, mizunguko minne, ncha imekunjwa ndani kama nilivyoikunja mwezi wa tano, na kutu imeshaushika. Nje ya lango maji yalifika magotini, na nyasi zilizoelea zilikuwa hazijapasuka popote.

Januari nilivuka ghuba kwa boti ambayo injini yake niliitengeneza mwenyewe. Niliuliza ufuo hadi ufuo kama mtu anayetafuta deni. Kwenye ufuo wa nne, mwanamke aliyekuwa anaanika omena aliniuliza, "Akelo yule wa gauni la kijani?" Akanipeleka mpaka mwisho wa nchi kavu, akanyoosha mkono majini. Niliona ncha za mabati ya paa, na mti mmoja uliokauka.

"Boma lake ndilo hilo," akasema. "Alikufa mwezi wa sita. Wanawe wawili wako Tanzania, mpaka ulifungwa. Walikuja wale wa serikali na mavazi yao, wakamzika pale juu kidogo, wakaenda. Sisi tulichungulia tu kwa mbali, tuliogopa. Baadaye maji yakafika hata hapo juu."

"Ana wajukuu?"

"Hana. Wewe ni nani wake?"

Nilikuwa nimevuka na hasira, nikiwa nimepanga la kumwambia mtu au kaburi. Lakini niliambiwa habari ileile niliyoijua: mavazi meupe, haraka, hakuna aliyesogea. Ni nani ningemkasirikia?

Niliporudi nilimwendea shangazi yangu mmoja aliyebaki, ambaye ametajia watoto wengi. Alinisikiliza akiwa mlangoni na barakoa yake.

"Kwa nini hukuanza na mkeo?"

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Hakika ya nini? Mtoto anaitwa, hapimwi." Nikamuuliza kama jina linaweza kubadilishwa, akatikisa kichwa. "Jina likishapokelewa halivuliwi. Halivuliwi mpaka mwenye nalo afe. Na usiulize tena swali hilo, usije ukaanza kutamani."

Sijauliza tena.

Miaka imepita. Korona imeisha, ndoo nimeipeleka jikoni, na Disemba boma hujaa kama zamani. Akelo ni mtoto mzuri, namwandika kwa haki. Ana akili, hali chakula ovyo, anapenda kukaa kimya. Kila mtu nyumbani anamwita kwa udugu wake: baba mdogo, shangazi, dada. Mimi ananiita Mzee, kama mteja. Amefundishwa kuniita babu mara nyingi, anasema ndiyo, na kesho yake ni Mzee tena. Picha ya Auma haiangalii. Akipita sebuleni anapita upande wa pili wa meza.

Mwaka juzi nilimwambia Ouko ukweli wote, nikamwonyesha na ukurasa. Aliusoma mara mbili. Akasema, "Baba, mtoto wangu analala usiku. Liache hivyo." Na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba nimempoteza Auma mara mbili na sasa kilichobaki ni kuzeeka. Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa karakana, mtoto akaja akasimama mlangoni.

"Mzee," akasema, "kwa nini humkaribishi yule mama?"

"Mama gani?"

"Aliyesimama langoni. Yuko hapo tangu asubuhi. Jana pia alikuwa hapo."

Niliangusha spana. Nilikimbia, mtu wa umri wangu, nikafungua lango lote wazi. Hakukuwa na mwanamke yeyote barabarani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo nilisema, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wanapita na pikipiki, "Karibu, Auma. Karibu nyumbani. Ingia." Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Mtoto alikuja akasimama kando yangu.

"Ameshaenda," akasema.

"Amesema kitu?"

"Ameuliza kama kuna mtoto mwingine. Nikamwambia hakuna, niko peke yangu."

Nimemaliza. Wewe uliyesoma mpaka hapa, siku moja utaitwa kando ya mtoto anayelia, na mkononi utakuwa na majina ya watu wako. Mtaje kwanza yule unayemtaka. Usimweke mwisho ili uonekane mwenye haki, na usimtangulizie mwingine ili upate ushahidi, hata kama huyo mwingine amekuomba vizuri na unamwonea huruma. Mgeni mpe maji, mpe kiti, umsindikize. Mimi nilitaka kumthibitishia mwanangu kwamba mama yake anaweza kurudi. Sasa najua kwa hakika kwamba anarudi. Nimeona nyayo zake asubuhi tatu mwezi huu, nje ya lango, zimefika na zimegeuka.